Tonge la Wegesa

Wegesa alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza moto, ndipo mwenzake Kisyeri alipokumbuka kumletea kiti.

"Kaa nacho wewe," Wegesa alisema bila kugeuka. "Leo nachuchumaa mpaka magoti yaseme yamechoka. Na hayatasema."

Moshi ulimwingia machoni, akacheka peke yake. Miaka mitatu ya mwisho kabla ya upasuaji alikuwa akipika kwa mdomo: ameketi pembeni, jasho linamtiririka, anaamuru wenzake waongeze unga, wapunguze kuni, wageuze. Ugali ulikuwa wake kwa jina tu. Sasa mwiko wenye urefu wa mpini wa jembe ulikuwa mikononi mwake mwenyewe, na maji ya ugali wa watu sitini yalikuwa yanaanza kuchemka. Furaha ilimpanda, akaona aibu kidogo kuwa mtu mzima anafurahia moto kiasi hicho.

Ilikuwa siku ya wakwe nyumbani kwa Mzee Waitara, pale Kewanja. Wageni walikuwa njiani kutoka Mugumu, wanakuja kumalizia mazungumzo ya ng'ombe wa Judith, binti yake. Kwa Wegesa hii ilikuwa kazi ya kwanza tangu akatwe tumbo, miezi saba iliyopita. Ikiharibika, hakutakuwa na ya pili.

Na palikuwa na mahali pa kuharibikia. Kwa desturi ya huku mpishi wa wakwe hajifichi jikoni. Chakula kikishatengwa hutoka nacho, humega tonge la kwanza na kulila mbele ya wageni, nao wanamkodolea macho, ndipo wanyooshe mikono. Hakuna anayetamka neno sumu; si lazima. Wegesa alijijengea jina kwa tonge hilo. Lilikuwa kubwa kama ngumi mbili za mwanamume. Alikuwa akilibonyeza, akilichovya, akilimaliza kwa mara tatu, na kufikia mara ya tatu wageni walikuwa wanameza mate. Mwili wake ulikuwa tangazo la ugali wake. Mpishi mwembamba, nani amwamini?

"Mama Joel, nisikilize," Kisyeri alisema huku akimimina unga. Walikuwa wamepika pamoja miaka kumi. "Niache mimi nile hilo tonge. Tumbo langu lipo lote."

"Wakiuliza mpishi yuko wapi?"

"Tutasema amepata udhuru."

"Mpishi apate udhuru siku ya wakwe? Hapo ndipo watageuza gari."

Kisyeri alikung'uta unga mikononi. "Kijiji kizima kinasema unaumwa. Wanasema kuna ugonjwa umekukausha. Na wewe huwajibu."

Kweli hakuwajibu. Aliogopa kuchekwa. Mtu atoke Kewanja aende kukatwa tumbo ili ashindwe kula, wakati wenzake wanamwomba Mungu cha kulijazia? Bora waseme anaumwa.

Uamuzi wa kukatwa tumbo ulitokana na sufuria. Kwenye msiba mmoja aliamuru kutoka kitini kwamba ugali bado, uachwe, kumbe chini ulikuwa umeungua mweusi. Hakuwa ameona ndani. Asingeweza kuinuka haraka kuona. Waombolezaji walikula kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko matusi. Tayari sukari ilikuwa juu na magoti yamekwisha. Huko Mwanza daktari alimchorea tumbo kwenye karatasi, akalipitisha mstari wa kalamu, akamwonyesha kipande kitakachobaki, chembamba kama ndizi. Wegesa aliikunja karatasi, akarudi nayo nyumbani, akamwambia mumewe kwamba maksai wake wanne, aliowapata kwa mwiko wake, wauzwe.

"Ng'ombe huuzwa mtu akifa, akishtakiwa au akienda shule," shemeji yake alisema. Yeye aliambiwa ni matibabu tu, ya kupunguza mwili. "Nani aliwahi kuuza maksai aliyenona ili yeye akonde?"

Mumewe, Nyamhanga, aliingoja jioni. "Mimi nilitoa ng'ombe kumi na wawili kwa mwanamke mzima," alisema. "Ukirudi nusu, baba yako atanirudishia sita?" Lakini siku ya mnada ndiye aliyewaswaga maksai wale mwenyewe, na hospitalini alishinda kwenye benchi siku nne, fimbo yake mapajani.

Halafu ikaja supu ya kijiko, maziwa ya kijiko, na vidonge ambavyo havina mwisho. Mwezi wa tatu alijisahau, akameza tonge kwa haraka kama zamani, likamkwama kifuani, akatapika povu hadi machozi. Tangu hapo alifuata sheria: nyama kwanza, ugali mwisho, tafuna mpaka kiwe uji, maji yasubiri. Kuna siku alilia kwa kushiba vijiko vinne huku sufuria inanukia. Lakini dawa za sukari zilipunguzwa. Alipanda mlima wa kanisani bila kusimama. Na bodaboda, ambao zamani wakimwona walijifanya wanatengeneza cheni, sasa walikuwa wanamgombania. Alijipenda, hilo ndilo neno.

Gari la wageni liliingia jua likiwa juu. Wanaume kumi na sita walikaa chini ya turubai, wakanawa. Wegesa alitoka na sinia la kwanza kichwani, wenzake wakimfuata na mengine, akalitua bila kuguna, akapiga magoti.

"Shikamoo, tata," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Marahaba," alijibu Mzee Nchagwa, msemaji wa wageni, mtu mrefu mwenye koti la mvua siku isiyo na mvua. Alitazama nyuma ya Wegesa. "Mpishi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Tuliambiwa anapika Wegesa. Wegesa namfahamu, nimekula mkononi mwake. Yule mama alikuwa na mwili. Huyu mmemtoa wapi?"

"Ndiye huyo, mkwe," Mzee Waitara alisema. "Amepungua tu."

"Mtu hapungui hivi. Haya, ale tuone."

Wegesa alimega. Lilikuwa tonge dogo, kama yai la njiwa. Wageni walitazamana. Mmoja akaanza kufuta mikono yake mibichi kwenye suruali, na mwenzake akafanya hivyo hivyo. Mikono ya wakwe ikikauka kabla ya kula, mazungumzo yamekufa. Nyuma ya nyumba Judith alikuwa anasikiliza.

Wegesa alilitazama tonge lake. Mficha uchi hazai, alijiambia, akalirudisha kwenye sinia.

"Tata, mimi ndiye Wegesa. Nimefanyiwa upasuaji Mwanza. Tumbo langu limekatwa, kilichobaki ni kidogo, kwa sababu sukari na magoti vilikuwa vinanimaliza. Siumwi, na hapa kijijini wasikie pia. Tonge kubwa nimeliacha kwa kuwa halina pa kukaa. Lakini haya madogo nitakula, na ninyi mchague. Onyesheni sinia lolote, upande wowote. Nitakula hapo hapo."

Kisyeri, mlangoni mwa jiko, alijishika kichwa.

Mzee Nchagwa alinyoosha kidole kwenye sinia la mwisho, katikati kabisa. Wegesa akaenda, akamega, akaanza kutafuna. Sasa, ugali hautafunwi, unamezwa. Hata mtoto wa Kewanja anajua. Wanaume kumi na sita walikaa wakimwangalia mwanamke anatafuna ugali kama mtu anayetafuna muwa. Alimeza. Kidole kikaelekea nyama. Akatafuna. Kidole kikaenda kwenye bakuli la kichuri, mchuzi ule mchungu wa nyongo. Akachovya, akatafuna, hakukunja uso. Kidole kikarudi kwenye ugali.

La nne lilipopita alihisi kubanwa chini ya kifua. Alizijua dalili hizo. La tano lingerudi, na lingerudi mbele ya wakwe. Alikaa wima, akavuta pumzi taratibu, akatazama kidole kile kikizunguka juu ya masinia.

"Bado mangapi?" mgeni mmoja aliuliza.

"Masinia matano," mwingine akajibu. "Tata, mvuke unaisha."

Mzee Nchagwa alimeza mate, kila mtu akaona. Kidole kilisita hewani. "Mama," alisema, na mdomo ulianza kumsaliti, "kwa mwendo huu harusi itakuwa mwakani."

Turubai zima lilicheka, hata wale waliokuwa wamefuta mikono. Mzee alikunja kidole, akafungua kiganja, akamega tonge kubwa, akalichovya, akameza. Alifumba macho.

"Ni yeye," alisema. "Mkono huu naujua. Leteni maji, hawa wanawe tena." Kisha, baada ya kumega la pili: "Harusi Mugumu utapika wewe. Ila tonge la kwanza nitakula mimi."

"Nitakuja, tata," Wegesa alisema. Magoti yake yalimwinua bila kuombwa.

Nyuma ya jiko aliketi chini, kwenye majivu, akanyoosha miguu. Alikuwa na furaha ambayo hakutaka wageni waione. Kubanwa kulikuwa kunamwachia polepole. Kisyeri alitokea, na kama alivyozoea kwa miaka yote ile, akatanua miguu, akajikaza, akamnyooshea mikono yote miwili amwinue.

Wegesa aliitazama mikono ile. Akaishika. Akaivuta.

Kisyeri alidondoka pembeni yake, vumbi la majivu likaruka. Walikaa bega kwa bega, wakisikiliza vidole vikikwangua masinia.