Siku Tulipoficha Makochi

Wazo lilikuwa langu, na mpaka leo sijaona kasoro yake.

Mdogo wangu Aminieli alinipigia simu saluni kwangu Kaloleni nikiwa nimeshika kichwa cha mteja. Akaniambia ile shule ya binafsi tuliyomwombea Nancy nafasi imesema Jumamosi inakuja nyumbani kwake, Kikatiti upande wa juu, kumwona. Nilikiacha kichwa cha watu kimesukwa nusu, nikatoka nje, nikapiga vigelegele barabarani mpaka muuza ndizi wa mlango wa pili akauliza nani kajifungua.

Mnielewe. Nancy ni binti yake Aminieli, ana miaka tisa, na ana usonji. Hasemi sana. Neno lake ni "Hapa," na hulisema kitu kinapokuwa kimetoka mahali pake. Kikombe kikiwekwa upande usio wake, "Hapa." Kandambili zikikaa kushoto kulia, "Hapa." Shule mbili zilimpokea zikamrudisha, kwa upole kabisa, kwamba watoto ni wengi darasani na mwalimu wa kumfaa hayupo. Tangu arudishwe, kila asubuhi huvaa sweta la shule, hubeba begi, husimama getini. Wenzake wanapita wakicheka, wanateremka, wanapotea kwenye kona. Yeye anabaki. Baadaye mama yake, wifi yangu Sabina, hutoka na kumvua begi taratibu. Niliiona asubuhi hiyo mara moja tu, nikalia mpaka chai ikapoa, nikasema sitaki kuiona tena.

Sasa ile shule ina walimu waliosomea watoto wa namna hiyo, na ina nafasi za ufadhili kwa ajili yao, maana ada yenyewe ukiitaja mbele ya mkulima wa kahawa unamtafutia presha. Nancy aliitwa kwenye usaili. Akaingia chini ya meza ya ofisi na kukaa huko hadi usaili ukaisha. Tukajua ndiyo basi tena. Kumbe bado! Ilikuwa imebaki nafasi moja, muhula ulikuwa unafunguliwa Jumatatu, na wao wanakuja.

"Dada Eunike, wanakuja kuangalia nini?" Aminieli aliniuliza.

"Umaskini," nikamjibu. "Wanakuja kuangalia umaskini wako, na wewe huna."

Si kwamba ni tajiri. Ana kahawa kidogo, migomba, na ng'ombe mmoja wa kisasa anayeitwa Malkia. Ila Sabina anapenda nyumba yake. Sebuleni kwake unavua viatu bila kuambiwa. Kuna makochi ya rangi ya krimu, kila moja na kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kuna meza ya kioo, TV, friji, na saa ya ukutani yenye picha ya maporomoko ya maji. Na mimi nilikuwa nimesikia kwa mteja wangu habari ya jamaa zake wa Nduruma waliokosa ufadhili kwa sababu wageni waliona friji. Friji lenyewe bovu, walikuwa wanahifadhia unga!

"Mimi ni mzee wa kanisa," Aminieli akasema. "Siwezi kusema uongo."

"Nani kakwambia useme? Wewe nyamaza. Kochi likiwa kwa jirani, uongo uko wapi? Ni kochi lililoko kwa jirani."

Akaguna, akakubali. Mimi ndiye mkubwa wake, na hilo huwa linasaidia.

Jumamosi nilifika mapema, Mlima Meru bado umejifunika mawingu. Nikawatuma Sabina na Nancy sokoni wakanunue sukari, nikasisitiza wapite njia ndefu. Halafu nikamwita Mama Godbless, jirani wa ng'ambo ya ua wa mimea ya masale. Sababu sikumweleza. Akijua yeye, Kikatiti nzima imejua. Nilimwambia tunafanya usafi. Alikuja na wanawe, vijana wa kubeba mzigo na kuuliza baadaye, na vitu vikaanza kupita kwenye upenyo wa masale. Makochi, TV, friji, meza, saa, hadi mapazia. Sebule ya Mama Godbless ikajaa, vilivyobaki vikapangwa barazani kwake. Malkia alikataa kuhama, tukamsukuma. Mimi nikaweka ndoo mbili na kigoda kimoja katikati ya sebule tupu, nikarudi nyuma kuangalia kazi yangu. Jamani, ilipendeza! Ufukara mtupu.

"Dada, naona aibu," Aminieli akasema.

"Safi sana. Kaa na sura hiyo hiyo."

Basi dogo la shule likaingia. Akashuka Mwalimu Simaloi, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, na nyuma yake Bwana Loishiye, mjumbe wa bodi, mzee mrefu mwenye suti nyeusi na uso usiojua kucheka. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba."

Nikamkaribisha kwenye ndoo nyekundu. Aliiangalia ndoo kwa muda, kisha akakaa, magoti yakapanda mpaka karibu na tai. Mwalimu nikampa kigoda.

"Habari za hapa, Baba Nancy?" Mwalimu akauliza.

Aminieli akanitazama.

"Koo linamsumbua," nikasema.

"Pole sana. Na Nancy yuko wapi?"

Hapo hapo Sabina akatokea mlangoni na sukari yake, Nancy kamshika kanga. Nancy akasimama. Macho yake yakaenda ukutani, yakaenda dirishani, yakashuka sakafuni. Akaziba masikio kwa mikono miwili, akaanza kuyumba mbele na nyuma, na sauti nyembamba ikamtoka ambayo sijawahi kuisikia. Nilikuwa nimemfikiria kila mtu, mpaka ng'ombe, nikamsahau mwenye siku yake. Sabina aliinama kumshika, lakini Nancy alikwishageuka na kutoka mbio.

"Anaenda kucheza," nikasema.

Alirudi haraka, na mkononi alikuwa na kitambaa cha kochi. Sasa Bwana Loishiye, bila kujua, alikuwa amekaa pale pale linapokaaga kochi dogo. Nancy akamwendea moja kwa moja, akakitandaza kitambaa kichwani kwake, akakinyoosha kingo zote sawasawa.

"Hapa," akasema.

Mzee wa watu hakutikisika. Alibaki wima chini ya kitambaa, kama bibi harusi wa zamani. Nancy akatoka, akarudi na rimoti, akamwekea gotini. "Hapa." Mwalimu Simaloi alikuwa amesogeza kigoda mbele na kuuma midomo. Aminieli alikuwa amefumba macho, nadhani anaomba. Mimi nilicheka kicheko cha kuokoa jahazi, nikakicheka peke yangu.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Godbless inakuja kutoka kwenye masale.

"Wageni, karibuni sana! Shikamoo mzee! Eunike, ndiyo nini hii, mtu mzima unamkalisha kwenye ndoo ya kufulia? Usafi gani huo usioisha?"

Nyuma yake wanawe walikuwa wamebeba kochi kubwa vichwani. Nikawahi mlangoni, nikatanua mikono.

"Mama Godbless, hayo siyo ya hapa!"

"Siyo ya hapa? Asubuhi si mmeyatoa humu? Nancy mwenyewe kaja kuyavuta barazani, masikini. Huyo mtoto anajua kukaribisha wageni kuliko ninyi wote!"

Nancy akapita chini ya kwapa langu, akashika mguu wa kochi, akavuta. Kochi likaingia, na mimi nikaingia nalo kinyumenyume. Sakafuni palikuwa na alama nne hafifu, palipozoea kukaa miguu yake. Nancy akazionyesha. "Hapa." Vijana wakatua. Likapishana na alama kwa upana wa kidole. "Hapa," akarudia. Wakanyanyua, wakatua tena, jasho linawatoka, na Nancy amechuchumaa anakagua mguu mmoja mmoja mpaka akaridhika.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kuzuia. Majirani, wakijua kuna wageni wamekalishwa kwenye ndoo, walijitokeza wote. Huyu kaja na TV, yule na meza ya kioo, wawili wanabebana na friji na kugombana njia nzima. Bibi mmoja akaleta sufuria la loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, kwa sababu mgeni hawezi kukaa mdomo mtupu. Mapazia yakapanda. Saa ikarudi ukutani. Dirishani akapita Malkia, anarudi bandani peke yake, kamba inaburuzika, akachungulia ndani na kuguna. Na katikati ya vurugu zote hizo Nancy alisimama bila kuziba masikio, anaonyesha kwa kidole. Hapa. Hapa. Hapa. Watu wazima wanatii.

Likabaki kochi dogo, na penye kochi dogo alikuwepo Bwana Loishiye. Nancy alimtazama. Kisha akafanya jambo ambalo mimi shangazi yake sijafanyiwa, wala mchungaji hajafanyiwa. Alimshika mkono mtu asiyemjua. Akamwinua kutoka kwenye ndoo, akamsogeza pembeni, akangoja kochi litue, akamkalisha. Akakitoa kitambaa kichwani pake, akakiweka kwenye mgongo wa kochi.

"Hapa."

Nyumba ilikuwa imekamilika. Nzuri, safi, ya watu wanaojiweza. Nikajisemea, Eunike, umeshamponza mtoto.

"Mwalimu," Aminieli akasema, na lile koo likapona ghafla, "vitu vyote hivi ni vyetu. Tulivificha ili mtuone maskini. Mtusamehe. Dada yangu huyu..."

Nilijua tu atanitaja.

Mwalimu Simaloi akaanza kucheka. Alijitahidi kujizuia, akashindwa, akaegemea ukuta, machozi yakamtoka. Na yule mzee asiyejua kucheka, akiwa amezama kwenye kochi, mabega yakaanza kutikisika.

"Kitambaa!" akasema. "Kichwani!" Akashindwa kuendelea.

"Baba Nancy," Mwalimu alisema alipopata pumzi, "hatukuja kuhesabu makochi. Ada yetu hata sisi walimu hatuiwezi. Tulikuja kwa sababu ofisini alikaa chini ya meza, nikakosa la kuiambia bodi. Nikaomba nimwone akiwa kwao."

Sabina alikuwa bado amesimama mlangoni na ile sukari. "Na leo umeona nini, Mwalimu?" Sote tukaacha kucheka.

"Nimeona mtoto aliyekuta dunia yake imepinduliwa," Mwalimu akasema, "na akainyoosha mwenyewe. Kwa neno moja. Mama Nancy, mtoto huyo nikimkosa nitaumia."

Bwana Loishiye akafuta macho kwa leso. "Yuko wapi huyo bosi wetu?"

Tukageuka. Hayupo. Chumbani hayupo, bandani hayupo. Sabina akatupa sukari chini, akakimbia getini akiita. Mama Godbless akakimbilia masale, mimi nikakimbilia kila mahali kwa wakati mmoja.

Aminieli ndiye aliyemwona. Alikuwa ndani ya basi la shule, kwenye kiti cha dirishani. Amevaa sweta, amefunga mkanda, begi liko mapajani. Tulipokusanyika mlangoni pa gari alitutazama mmoja mmoja, kisha akaweka kiganja kifuani pake.

"Hapa," akasema.

Sabina alijifunika uso kwa kanga. Mwalimu Simaloi alipanda garini, akachuchumaa mbele yake, na kabla ya kusema kitu akamwangalia Bwana Loishiye. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, Nancy," Mwalimu akasema. "Hapa. Ila leo ni Jumamosi. Gari hili litakuja kukuchukua Jumatatu."

Nancy alilifikiria hilo. Jumamosi ni Jumamosi, hilo analijua kuliko sisi. Akafungua mkanda, akashuka.

Vigelegele vya kwanza alipiga Mama Godbless, na hapo alikuwa bado hajajua ni vya nini. Mimi nikamkumbatia, nikamkumbatia na dereva, nikataka kumkumbatia Bwana Loishiye nikakumbuka adabu, nikampigia goti mara mbili. Loshoro ililiwa mpaka sufuria likakwanguliwa. Mzee aliomba aongezewe, na alikula amekaa kwenye kochi dogo, mguu juu ya mguu.

Sasa niambieni ukweli. Sebule ingekuwa imetulia, Nancy angekaa kwenye kona yake kimya, na wageni wangekunywa chai wakaondoka hawajaona kitu. Nani aliyehamisha makochi? Aminieli anasema nisijisifu. Mimi nasema anayetaka kunisifu asizuiwe.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafungua saluni simu ikaita. Sabina. Nikasikia anavuta pumzi tu.

"Wifi? Amekataa kwenda?"

"Ameenda," akasema. "Gari limeshika kona sasa hivi. Hata kugeuka hakugeuka. Wifi, saa hizi ndipo huwa namvua begi. Nimesimama hapa getini, mikono hii sijui niipeleke wapi."

Alikuwa analia na kucheka, na mimi hivyo hivyo, mbele ya mteja wa kwanza.

"Ilete huku," nikamwambia. "Kuna vichwa vya kusuka."