Salamu za Dakika Kumi na Tano

Mwaka huu kampuni yetu ya simu imeamua kuwa nyepesi. Wakubwa wamefutwa, kwa maneno tu. Sasa sote ni "timu", na kila asubuhi tunasimama dakika kumi na tano simu mkononi, kuanzia Kinshasa hadi kwenye minara ya porini. Clémentine, anayetuongoza kutoka Kinshasa, ana swali moja kwa kila mtu: una kizuizi? Ukisema hakuna, kadi yako inageuka kijani kwenye kompyuta yake. Salamu amezipiga marufuku, eti zinakula muda.

Mimi Soraya, msimamizi wa depo ya Kasongo, nilimuunga mkono. Najilaumu hadi sasa.

Jumanne moja Clémentine alimgeukia baba Bulaimu, mlinzi wa mnara wa Kabambare.

"Kizuizi?"

"Hakuna, mama. Tuko muzuri."

"Asante. Anayefuata!"

Kijani. Nami nikampakilia mdogo wangu Kamaldine betri mbili za mnara ule kwenye pikipiki, akaondoka mvua ikinyunya.

Mchana mvua ikazidi, nikaingiwa na wasiwasi. Nikampigia baba Bulaimu, nikamsalimia kama tulivyolelewa: nyumbani, watoto, mashamba. Kote kuzuri. Salamu zilipokwisha, ndipo akasema:

"Ila pont ya Lusangi, mama, maji imeibeba tangu jana."

Daraja limekwenda na maji, na mdogo wangu yuko njiani!

"Juu ya nini haukusema asubuhi?" nilimfokea, mzee wa rika la baba yangu.

"Nilikuwa ningali nasalimia. Ule mama akakata."

Alisema kweli. Nani kwetu huanza na balaa? Mtu hujibu nzuri kwanza, habari yenyewe huja mwisho. Nalijua hilo tangu utotoni, ila nilitaka Kinshasa wanione wa kisasa.

Simu ya Kamaldine haikupatikana. Nilipiga mara ishirini, thelathini. Nikamwandikia Clémentine kwamba kadi ya Kabambare ni nyekundu. Akajibu kuwa rangi hubadilishwa asubuhi, kwenye kikao. Nusura niibamize simu ukutani. Kisha akaingia Aziza, mke wa Kamaldine, kuuliza kama mumewe amefika.

"Iko muzuri tu," nilimwambia, nikamkwepa macho.

Alikuwa bado ameketi pale alaasiri, ilipoita namba nisiyoijua.

"Yaya Soraya, dada yangu, ni miye."

"Kamaldine! Uko muzima?"

"Niko muzuri, yaya. Mwenye nyumba hii anakusalimia."

Aziza alinikumbatia akilia kwa furaha. Mimi sikuweza kufurahi. Nilimuuliza Kamaldine habari za wenyeji wake, za watoto wao, za mvua, moja baada ya nyingine, polepole, maana niliogopa kufika mwisho.

Salamu zikaisha.

"Ila, yaya..." alisema.