Soketi ya Miguu Kumi na Minane

Mama Vifaranga alikuwa ameshika swichi tangu alfajiri ya jana. Radi iliua chipu iliyokuwa ikiongoza mashine yake ya kutotolesha, na kwenye trei kulikuwa na mayai mia sita ya siku kumi na tisa, yamebakiza siku mbili tu kuanguliwa. Basi akaifanya kazi ya chipu kwa mkono: anawasha hita, anakodolea macho kipimajoto, anazima, anawasha tena. Usingizi ulimwiba mara moja. Alipogutuka, mayai ya trei ya juu yalikuwa yameiva.

Ndipo akampigia simu wifi yake, ambaye hawakuwa wamesemeshana naye kwa miezi saba.

Wifi huyo alikuwa fundi wa ving'ora na mageti ya umeme. Mashine ile aliiunda kaka yake, marehemu mume wa Mama Vifaranga, na ugomvi wao ulitokana naye. Wiki moja baada ya mazishi, mjane alishindwa kuvitazama vifaa vya mumewe, akavitoa vyote kwa muuza vyuma chakavu, pamoja na kile cha kuingizia programu kwenye chipu. Fundi alimtolea maneno mazito siku ile.

Hata hivyo alikuja, na bodi yake ndogo ya kuingizia programu mfukoni. Programu ilikuwemo kwenye kompyuta ya kaka yake, na kabatini zilibaki chipu mbili mpya, tupu. Lakini kila moja ilikuwa na miguu arobaini ya chuma, na soketi ya bodi ya Fundi ilipokea miguu kumi na minane.

"Haitaingia," alisema Mama Vifaranga, jicho kwenye kipimajoto.

"Si lazima iingie yote. Programu inapita kwenye miguu mitano tu."

Alinyofoa soketi kubwa kwenye bodi mbovu ya geti iliyokuwa mkobani mwake, akalehemu nyaya tano kutoka hiyo hadi ile ndogo. Alipochomeka chipu na kuwasha, harufu ikamfikia kabla ya moshi. Alikuwa amehesabu miguu akiwa ameipindua soketi, kulia kukawa kushoto. Chipu iliunguza kidole chake, na ndiyo ikawa imekwenda.

Ikabaki moja.

Alihamisha nyaya, akahesabu mara tatu kwa sauti. Safari hii hakuna kilichoungua, ila kompyuta ilidai hakuna chipu. Akajaribu tena, ikadai vilevile. Nyuma yake hita iliwashwa, ikazimwa, ikawashwa, na kila mara mkono wa Mama Vifaranga ulichelewa kidogo zaidi.

Mama Vifaranga aliuliza kama bado. Fundi alichomoa waya, akaurudisha palepale.

"Wifi," alisema Mama Vifaranga, "nilivitupa mimi. Najua. Lakini nikianza kulia nitaachia swichi, kwa hiyo hilo tuliweke kando kwanza."

"Na mimi nilikutukana wakati umefiwa," alisema Fundi. "Nalo tuliweke kando."

Akaurudia mchoro wa chipu, mguu kwa mguu, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Chipu ndogo alizozizoea zilipokea umeme upande mmoja. Hii ilikuwa na miguu ya umeme kulia na kushoto, naye aliunganisha upande mmoja tu.

"Kumbe jitu hili linakula pande zote mbili," alinong'ona.

Aliongeza nyaya mbili. Kompyuta ikaitambua chipu, programu ikaingia. Alipoipachika kwenye mashine, hita ilijiwasha, ikajizima yenyewe. Mama Vifaranga aliendelea kubonyeza swichi isiyofanya kazi tena, hadi wifi yake alipombandua vidole kimoja kimoja na kumlaza juu ya magunia.

Siku ya ishirini na moja, vifaranga mia moja arobaini na watatu walitoka. Wengine walilia ndani ya maganda, wakanyamaza. Fundi aliweka sikio kwenye mayai yale hadi jioni, moja baada ya jingine. Mama Vifaranga aliwainamia waliokuwa hai, akawahesabu mara nne, na kila mara akapata idadi ileile.