Gesi Ilipokwisha Merrin

Shemeji yangu Odilon Quertinmont alikuwa fundi wa kupuliza vioo. Alipuliza kwao Ubelgiji, akapuliza Pennsylvania, na gesi ilipogunduliwa ardhini Indiana, akamchukua dada yangu Zélie, nami nikafuatana nao, tukahamia mji wa Merrin.

Siku hizo Merrin gesi ilitolewa bure kwa kiwanda chochote kitakachokubali kuja. Wakubwa wa mji waliacha mabomba ya gesi yawake moto barabarani usiku na mchana, wenye mitaji waone kwamba utajiri huu hauna mwisho. Kuku wetu hawakujua saa ya kulala, na sisi pia hatukujua. Kampuni ya vioo ilijenga kando ya reli, na Odilon akapanda jukwaani mbele ya tanuri kupuliza mitungi ya kioo mirefu kuliko yeye, ambayo wenzake waliipasua na kuinyoosha ikawa vioo vya madirisha.

Kisha ukaja msimu wa baridi, moto wa matanuri ukaanza kulegea. Kioo kilitoka na ukungu. Meneja, Bwana Strunk, alituambia ni maji yameingia mabombani. Wakati huohuo kampuni ilikuwa imeshauzwa kwa kampuni kubwa zaidi, yenye wakubwa waliokaa Pittsburgh na ambao hawakuwahi kukanyaga Merrin. Mabomba ya barabarani yalizimwa, na bado moto haukupanda. Majira ya kuchipua tukatangaziwa kwamba kiwanda kinahamia Kansas, kwenye gesi mpya, na fundi anayetaka kazi akifuate.

Odilon alirudi nyumbani akiwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Zélie. Angerudi na hasira wangelia pamoja. Lakini aliteremsha sanduku darini hata kabla ya kuvua buti.

"Kansas kuna gesi ya kuchoma dunia nzima," alisema.

"Na hapa walisemaje?"

"Hapa walikosea."

"Basi mimi sitoki, Odilon. Nimechoka kufungasha vyombo. Nenda ukapulize."

Alicheka, akamuuliza atakula nini, madirisha? Odilon aliendelea kungoja abadili mawazo mpaka siku ya treni, na mkewe hakubadili.

Aliondoka, na dada yangu hakutulia. Alikuwa akianza kufua, anaacha nguo majini, anakwenda kusimama barazani. Mara mbili nilimkuta amevaa kofia ya safari, akaivua aliponiona.

Kilichomwokoa ni nyanya. Mfanyabiashara mmoja alikodi jengo tupu la vioo, akaweka boila na meza, akatafuta wanawake wa kumenya nyanya za kutia kwenye makopo. Tulikwenda sote wawili. Maji ya nyanya yalitubabua vidole. Zélie, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alimkabili tajiri akamwambia nyanya zinachemshwa kupita kiasi na wamenyaji wanaungua bure. Tajiri alijaribu alivyoambiwa, akaona makopo yanaongezeka, akamfanya msimamizi.

Odilon alirudi Agosti ya mwaka uliofuata, nyanya zikiwa zimetufika shingoni. Alisimama mlangoni akitazama sakafu, pale tanuri lake lilipokuwa, akangoja mkewe amalize kuwafokea wachukuzi.

"Wameleta mashine," alimwambia. "Inapuliza kuliko mimi."

"Nimesikia."

"Lakini West Virginia bado wanataka watu."

Nilidhani atamfukuza. Zélie alijifuta mikono, akasema boila inahitaji mtu wa makaa, na kazi ipo hadi baridi ianze.

"Niwe chini yako?" aliuliza Odilon.

"Chini ya tajiri. Mimi nasimamia meza tu. Na usinijibu mbele ya wanawake wangu."

Alichukua koleo. Msimu ulipokwisha alikwenda West Virginia, ila safari hii alimwomba mkewe ruhusa kwanza. Huko viwanda vya vioo huzimwa wakati wa joto kali, kwa hiyo kila kiangazi alirudi kwenye makaa. Wakawa mume na mke wa msimu. Watu wa Merrin walicheka, nao wakawaacha wacheke.

Mwaka juzi walikuja mabwana wenye kofia nzuri, wakapima kuta zetu kwa kamba. Kiwanda cha nyanya nacho kilikuwa kinauzwa kwa kampuni ya Indianapolis. Jioni ile Zélie hakugusa chakula. Alizunguka jikoni, akafungua kabati, akalifunga.

"Huko West Virginia," akamuuliza mumewe, "nyumba za kupanga zipo?"

Nilimwona Odilon anavyotamani kumwambia waende.

"Zipo," alisema. "Ila mashine zimefika huko pia. Sikutaka kukwambia mpaka nyanya ziishe."

Wenye mali wapya walipunguza ujira na kutubakiza kazini. Odilon hakuondoka tena. Sasa analisha boila mwaka mzima, kwa sababu siku hizi tunatia maharage pia kwenye makopo. Treni ya Kansas ikipita hutoka nje na koleo mkononi, na Zélie humwacha asimame mpaka behewa la mwisho lipite, ndipo humwita.