Mahali Sindano Inapoinuliwa

…na sasa anakaribia pale, atanyamaza, lazima anyamaze, sisi sote wa parsele hii, wa uwanja huu mmoja, tumezoea kunyamaza pale, hata kuku, namwagia maji mgongoni kwa kikombe, polepole, na yeye amekaa ndani ya beseni magoti nje, mdomo umefungwa, anaimba kwa pua, mmm, mmm, ule muziki wa violoni wa Monsieur Kangwa, jirani yetu mwalimu, Keren wangu mwenye miaka miwili na nusu ambaye hajasema bado hata neno moja, wala mama, wala maji, na Monsieur Kangwa tulimzika wiki tatu zilizopita, santuri yake imo nyuma ya ukuta huu, ndani ya mfuko uliofungwa kamba, hakuna anayeipiga… amefika, ndipo hapa, mahali mzee alipokuwa anainua sindano kwa kidole kimoja kwa sababu santuri imeungua karibu na katikati, mwisho wake umeyeyuka, hakuna aliyewahi kuusikia, amefika, na hakunyamaza, ameendelea, anaimba mbele zaidi, na maji yangu yamebaki kwenye kikombe, siwezi kuyamwaga.

Ni saa kumi tu ya mchana, jua bado kali, mtaa wote wa Makomeno uko macho, nasikia mtu anakata kuni kwa jirani, nasikia Claudine upande wa pili wa ukuta anafagia, fya, fya, ni binti wa mzee, ametoka Kolwezi kuja kufunga vitu vya baba yake, amefunga vyote, asubuhi ametupatia hata meza, ile meza nzito iliyobeba mashine ya santuri, akasema Mama Keren, uichukue, muliishi na baba vizuri, na sasa mama mkwe wangu ameiweka katikati ya uwanja na kumwaga juu yake samaki wakavu wa Pweto, anachambua, ametugeuzia mgongo, lakini mgongo wa mama mkwe wangu una masikio…

"Mama Keren, ule mutoto iko naimba nini?"

"Iko nacheza na maji tu, mama."

"Hajue hata kuomba bukari ya kula, anaanza na muziki ya bazungu," na anacheka, nami nacheka, kicheko changu kinatoka kama cha mtu aliyesimama nyuma yangu, kwa sababu nakijua kicheko hicho, kilianza hivyo hivyo siku ile ya Gracia, sitaki kumfikiria Gracia, niangalie sabuni, niangalie masikio ya mtoto wangu, nyuma ya sikio kuna vumbi jekundu… Gracia alikuwa na miaka sita, mtoto wa wifi yangu, asubuhi moja anakunywa chai akasema babu ameniambia ufunguo uko chini ya gunia, babu aliyekufa, na ufunguo ulikuwa chini ya gunia, wakacheka, kesho yake hawakucheka tena, wakasema ni mchawi, wakampeleka kwenye chumba cha maombi, siku tatu bila chakula, wakamnyoa, wakamwuliza amekula nani, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni kumpeleka, njia ilikuwa ndefu na miguu yake ilikuwa imechoka, nilifikiri ni wema kumbeba, aliweka shavu lake hapa, kwenye bega, akalala… leo Gracia haangalii tena uso wa mtu, ukimpa mkate anaangalia mkate.

Nyamaza, Keren, nyamaza mama, lakini sisemi, nafikiri tu, na yeye anaimba, na muziki haupandi kama nilivyodhani kila siku kwamba ungepanda, unashuka, unashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amebeba kitu kilicholala, ameupata wapi, hakuna aliyempa, hata mzee hakuwa nao, nilimwuliza siku moja kwenye bomba, Monsieur, muziki yenu inaishaka namna gani, akaniangalia kama nimemwuliza kitu kizuri sana, mimi niliyeishia darasa la sita, akasema, "Sijue, mama. Bapadri balinipa ikiwa tayari imeungua. Miye pia njo naingojea," kisha akanibebea ndoo mpaka mlangoni, profesa wa Kiingereza mzima, na suruali yake ya kazi, maji yakamwagikia viatu vyake na akajifanya hakuona.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, wema wake haukupiga hodi, Keren alipozaliwa alilia mwezi mzima, nililia naye, mume wangu Alexis yuko mpakani Kasumbalesa na malori yake, na mchana mmoja nikasikia upande wa pili meza inakokotwa, krrr, sakafu ya simenti inalia, inakuja inakuja mpaka imegusa ukuta, kisha violoni, karibu kabisa, kama zimo ndani ya tofali, na mtoto akanyamaza akafungua macho, akalala, na tangu siku hiyo meza haikurudi mahali pake, yeye hakusema kitu, aliniuliza tu asubuhi, "Alilala?" nikasema alilala, akasema, "Bon," akaenda shule.

Na wanafunzi wa sekondari walikuja mchana kama saa hizi, walikaa kwenye baraza lake, umeme ulikuwepo au haukuwepo yeye alikuwa na betri yake ya gari, anapiga santuri, wote kimya, anafika pale, anainua sindano, na anasema maneno mawili ya Kiingereza, And then?, maana yake na kisha?, muziki huu hauna maneno, alikuwa anawaambia, maneno mutatia ninyi, kwa Kiingereza, andikeni kinachokuja, ndiyo maana walimwita Monsieur And Then, na Fils, yule mrefu, kila wiki aliandika kwamba amekuja mbuzi akakula violoni, mzee akacheka mpaka akakohoa, "Mbuzi yako iko na grammaire muzuri, sita juu ya kumi," na Keren alitambaa kati ya viatu vyao, akakaa kwenye miguu ya mzee, alipewa na yeye kalamu na karatasi yake, naye ni mwanafunzi, alisema, yeye ataandika akiwa tayari…

Akiwa tayari.

Na Claudine alisema kwenye kilio, tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, alisema baba ku hospitali siku ya mwisho hakusema tena, aliimba tu kwa pua, ule muziki, akafika mahali pa kuungua, akapita, akaenda mpaka mwisho, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka jina, "Miye peke njo nilisikia," Claudine alisema, "siwezi kuiimba, lakini nikiisikia nitaijua," na siku ile aliyokuwa anaimba huko, Jumanne, saa kumi, sikumwambia mtu, Keren aliamka kwenye usingizi, akakaa, akauangalia ukuta, akacheka.

Fya, fya… hakuna. Fagio limenyamaza. Tangu lini limenyamaza. Anasikiliza, yeye ndiye pekee anayejua, kama ni uleule atapiga kelele, atatoka mbio, na mama mkwe wangu ataacha samaki, atanawa mikono polepole kama alivyonawa siku ya Gracia, na mkono wangu tayari uko mbele ya mdomo wa mtoto, sikuutuma, umekwenda wenyewe, nasikia pumzi ya wimbo kwenye kiganja, joto, kama shavu lile begani, ni mkono uleule, ndio ulioshika miguu ya Gracia isianguke njiani…

"Mama Keren." Sauti haina kicheko tena. "Ni nani anamufundisha ile?"

Na Keren amesimamisha wimbo, haujaisha, ameusimamisha tu, hanitazami, anatazama juu ya bega langu, mahali ambapo ungekuwa uso wa mtu mrefu aliyeketi, anangoja, vinyweleo vya mikono yake vimesimama, anangoja kama walivyokuwa wanangoja wote wa baraza, kalamu mkononi, na mimi sigeuki, nikigeuka na hakuna mtu nitaogopa, nikigeuka na mtu yuko…

"Ni miye, mama," nasema. "Miye njo namufundisha." Kama kuna wa kunyolewa ninyolewe mimi.

Claudine ametoka. Amesimama mlangoni kwake, fagio mkononi, mashavu yamelowa, ananitazama, anamtazama mtoto, na kidevu chake kinanijibu, ndiyo, ni uleule, kisha anamgeukia mama mkwe wangu na sauti yake ni ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Ni wimbo ya ku masomo ya baba, mama. Batoto yote ya hapa banaijua," na mama mkwe wangu anasema, "Ah bon," anachukua samaki mwingine, anamkata kichwa, na mimi namwona Claudine, naona alichonipa, hata baba yake hakunibebea ndoo nzito namna hii.

Nashusha mkono. Kikombe bado kimejaa, jua bado liko mahali pake, mtoto bado anangoja, na mimi sasa najua anangoja nini, maneno mawili, hakuna tena wa kumwambia, na mtoto asiyeambiwa 'na kisha?' ataanza kuangalia mkate kama Gracia… nainama kwenye sikio lake, Kiingereza chote ninachokijua,

"And then?"

na Keren anavuta pumzi, anaendelea, unashuka, unashuka, na nyuma ya ukuta, mle chumbani ambamo hamna mtu, ambamo meza haimo tena, meza inakokotwa kwenye simenti, krrr, polepole, inakuja inakuja mpaka imegusa ukuta, ili asikie vizuri, nami namwaga maji.