Amri ya Kuvua Tai

Ofisini walimwita Bwana Tai, maana tangu aajiriwe katika ile kampuni ya bima hakuna aliyewahi kumwona shingo wazi. Suti zake zilikuwa mbili tu, ya kijivu na nyeusi, lakini mikunjo ya suruali ungeweza kukatia nyanya.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, kijana wa jinzi na raba nyeupe. Hata kiti hakijapata joto, akapiga marufuku suti, eti zinawatisha wateja.

"Hapa sisi ni familia," alisema. "Kila mtu avae anavyojisikia."

"Mimi najisikia hivi," alijibu Bwana Tai, akishika kola ya koti lake.

Watu wakacheka. Mkurugenzi hakucheka.

Nyumbani mkewe akamsihi. "Baba watoto, ukubwa jalala. Vaa fulana, mkono uende kinywani." Akamtolea fulana na jinzi za mwana wao. Bwana Tai akazivaa huku amenuna, akajiona kama kuku aliyenyonyolewa.

Asubuhi hiyo walikuwa na kikao katika benki moja. Mkurugenzi alishuka kwenye gari lake la kifahari, akatangulia, jinzi imechanika magotini, na mlinzi akampigia saluti. Bwana Tai, aliyemfuata nyuma, akawekewa mkono kifuani.

"Mafundi bomba wanapitia mlango wa nyuma, mzee."

"Mimi ni mkuu wa idara ya madai."

"Sawa, mzee. Lakini pitia nyuma."

Mkurugenzi akageuka, akacheka. "Huyo yuko na mimi." Mlinzi akaomba radhi, tena kwa mkurugenzi, si kwa Bwana Tai.

Kikaoni Bwana Tai hakusikia neno. Walipotoka alishindwa kujizuia.

"Bosi, wewe hata ukivaa gunia, lile gari litakutambulisha. Mimi mlango nafunguliwa na koti."

"Aa, mzee wangu, usiliweke moyoni. Yule mlinzi mshamba tu." Akampigapiga begani, akapokea simu.

Kesho yake Bwana Tai akavaa suti nyeusi na tai yake. Hakufukuzwa. Ila meza yake ilihamishiwa kando ya stoo, wasikofika wateja, na kwenye vikao vya nje akawa anatumwa mwingine.

"Inakuuma?" mkewe alimuuliza jioni moja, akimwona amekaa na viatu bado miguuni.

"Inaniuma," alisema. "Na kinachonichoma zaidi, leo kapita pale stoo na wageni, akawaambia kampuni hii kila mtu yuko huru."