Marehemu Asiandike Nje ya Mada

Ujumbe wa marehemu uliingia kundini Mama Kanuni akiwa anapiga pasi kola ya sare ya shule. Pole za majirani zilikuwa bado zinamiminika, viganja vilivyoungana na maua tele, na katikati yake likatokea jina la Fundi Saa na picha yake ileile ya miwani. Simu yake ilivunjika naye kule chini ya ngazi, vipande vikafagiliwa. Hilo halikumzuia.

"Asanteni majirani, nimefika salama. Ila sikuteleza. Chuma cha kushikilia ngazini, ghorofa ya tatu, kilichomoka kwenye saruji. Kitengenezwe."

Mama Kanuni akaisimamisha pasi. Yeye ndiye aliyekuwa admini wa kundi la wapangaji, na jina hilo hakulipata bure. Matangazo ya biashara, asubuhi tu. Ugomvi wa mtu na mumewe, kamalizieni chumbani. Na kundi likiwa na msiba, ole wake atakayeandika jambo jingine kabla maziko hayajapita. Ni pole tu. Kuhusu marehemu mwenyewe, kanuni hazikusema kitu.

"Pole sana Fundi, tunashukuru umefika," aliandika kinyozi wa ghorofa ya kwanza.

"Lakini jamani, ndiyo adabu hii?" akadakia mke wa dereva. "Watu tuko msibani, yeye anatuletea mambo ya vyuma!"

"Msiba si ni wake?" akauliza kinyozi.

"Hata kama. Kanuni ni kanuni."

Mama Kanuni akaufuta ule ujumbe, wengi wakiwa hawajausoma, akaandika: "Tunamwomba marehemu aheshimu msiba." Wakamwekea dole gumba.

Haikupita muda, marehemu akamfuata inboksi. "Binti yangu, umenifuta."

"Nisamehe mzee wangu. Tuna msiba."

"Naujua. Lakini mwanao anapanda ngazi zile na tumbo lile."

Binti yake alikaa mlango unaotazamana na wa Fundi Saa, na mimba yake ilikuwa imefika pale ambapo mtu hupanda hatua mbili akaegemea chochote kilicho karibu. Mama Kanuni alipanda mbio, utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni. Chuma kilikuwa kimerudishwa mahali pake na kupakwa rangi mpya ya kijani. Akakigusa kwa vidole viwili tu. Kikacheza kama jino la mtoto.

"Kuanzia leo pita upande wa ukutani," alimwambia binti yake mlangoni, akihema. "Hicho chuma usikiguse."

"Kumbe yale aliyoandika Fundi ni kweli? Basi waambie na wenzetu, mama."

"Tuzike kwanza."

Wakazika. Siku hiyo marehemu alijiheshimu kweli, hakuandika hata neno. Waliporudi, Mama Kanuni alikaa kwenye cherehani yake kibarazani, akaandika habari ya chuma kwa kirefu, akairudia kuisoma. Alikuwa hajaituma bado, simu ikaita. Mwenye nyumba. Huyu naye alikuwa kundini, hajawahi kuandika hata salamu, lakini hakuna kilichompita.

"Dada, naona marehemu anaandikaandika."

"Ndiyo, baba."

"Sina neno naye. Na kundi ni lako, liendeshe utakavyo. Ila hicho kibaraza unachoshonea ni changu, na sipendi fitina kwenye nyumba yangu."

"Fitina tena? Mtu ameanguka, baba, amekufa."

"Aliteleza. Si ndivyo?"

Mama Kanuni alitazama mizigo ya sare iliyopangwa ukutani, na cherehani ambayo haikuwa na mahali pengine pa kwenda. 

"Ndivyo," akasema, na akajichukia palepale.

Ule ujumbe aliuandika upya ukawa mwingine, akaubandika juu kabisa ya kundi: Marehemu wanaruhusiwa salamu tu.

Fundi Saa hakubisha. Kila kulipokucha aliandika, "Mmeamka salama, majirani?" nao wakamjibu, "Salama, Fundi, za huko?" Hilo la za huko hakulijibu, maana lingekuwa nje ya salamu. Mke wa dereva akamsifu hadharani kwamba kwa ustaarabu amewapita walio hai. Binti wa Mama Kanuni alikuwa akipita ukutani, bega likisugua chokaa, na alipokutana na mama yake alimwamkia kwa heshima zote bila kumtazama usoni.

Kisha chumba cha Fundi Saa kikapata mpangaji, mwalimu wa chekechea mwenye mtoto mchanga. Mama Kanuni akamwingiza kundini na kumtumia kanuni zote. Jioni ya kuhamia, mwalimu aliandika akiwa chini, amesimama karibu kabisa na kibaraza: "Shikamooni majirani. Samahani, ngazini ni giza na nina mtoto mgongoni. Taa inawashiwa wapi?"

Mwenye nyumba akaandika kwa mara ya kwanza tangu kundi lianze. "Karibu sana binti yangu. Taa itawekwa. Kwa sasa shikilia chuma tu, panda taratibu."

Juu ya kioo yakatokea maneno: Fundi Saa anaandika. Yakapotea. Yakarudi. Mama Kanuni aliyakodolea macho. Andika, mzee wangu, alisema moyoni, andika tu, leo sikufuti.

Mwalimu alipita mbele yake, begi mkono mmoja. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akasema Mama Kanuni. Akafungua mdomo tena. "Karibu."

Simu ikalia. Fundi Saa alikuwa ameandika: "Jioni njema, jirani." Watu wakamwekea dole gumba, mmoja baada ya mwingine. Viatu vya mwalimu vilisikika vikianza kupanda, na Mama Kanuni akakanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu, asivisikie.